Baki na Maana: Lugha katika Mafumbo ya Kugawanya

Kihesabu, 50 gawanya kwa 8 ni 6 baki 2. Katika fumbo la maneno, hata hivyo, hatima ya baki huamuliwa na sarufi ya swali. Mfano ni wanafunzi 50 wanaovuka mto kwa mashua, kila moja ikibeba watu 8. Swali “Zinahitajika mashua ngapi ili wote wavuke?” lina jawabu 7, kwa kuwa kiwakilishi -ote hakiruhusu yeyote aachwe. “Ni mashua ngapi zitakazojaa?” hudai 6, kitenzi -jaa huliondoa baki. “Wangapi watakosa nafasi katika mashua zilizojaa?” hulifanya baki lenyewe, yaani 2, kuwa jawabu. Utata huzuka swali linaposema tu kwamba wanafunzi “watavuka wanane wanane”: urudufishaji huo hutaja ukubwa wa kundi, lakini haubainishi hali ya wanaozidi. Kwa hiyo, mwanafunzi anayejibu “6 baki 2” kila mara amekokotoa sawasawa, ila hajasoma swali. Wenzake wawili wamesalia ukingoni. Kumtaka ajibu kwa sentensi kamili humrejesha kwenye maana.