Ngeli zitakuokoa kwa mtihani wa Kimombo, ila si kila mahali

JUZI saa tano usiku binamu yangu alinitumia swali kwa WhatsApp, na chini yake emoji tatu za kulia. Anajiandaa kufanya SAT, ule mtihani ambao vyuo vingi vya Marekani huuangalia kabla ya kukupa nafasi. Siku hizi unafanywa kwa kompyuta. Unapewa sentensi yenye pengo na majibu manne, unachagua moja. Yeye huchagua kwa sikio tu, vile sentensi inasikika. Akakosa.

Swali lilifanana na hili: "The basket of mangoes from the farms in Malindi ___ fallen off the lorry."

Alikuwa amejaza "have". Na huwezi kumlaumu sana: mangoes ni wingi, farms ni wingi, sikio likameza chambo.

Nikamwandikia: "Hebu iweke kwa Kiswahili."

"Kikapu cha maembe kutoka mashamba ya Malindi kimeanguka kutoka kwa lori."

"Mbona hukusema 'yameanguka'?"

Akakaa kidogo. "Si ni kikapu kimeanguka? Maembe yako ndani tu."

Basi jibu ni "has". Huyu kijana alikuwa anajua jibu tangu utotoni. Hata sisi wa Nairobi tunaovunja ngeli kila siku, tutasema "kikapu imeanguka", lakini ni nadra umsikie mtu akisema "kikapu zimeanguka" eti kwa sababu maembe ni mengi. Upatanisho wa kisarufi tunao damuni. Kinachoudhi ni kwamba wengi wetu tulivalishwa kibao shuleni kwa kuongea Kiswahili siku ya Kimombo, tukaaminishwa kwamba lugha moja huharibu nyingine.

Watunzi wa mitihani hii wana ujanja mmoja wanaoupenda: wanaweka maneno mengi katikati ya kiima na kitenzi ili usahau nani ndiye mwenye sentensi. Kiingereza kina "of" tu, haikwambii lolote. Kiswahili kina "cha", "ya", "wa", na hiyo inakuonyesha bosi ni nani. "Idadi ya wanafunzi imeongezeka", kwa hivyo "the number of students has increased". Lakini "a number of students" ni wanafunzi kadhaa, na wanafunzi kadhaa "wame-", kwa hivyo "have". "Each of the girls" ni kila mmoja wa wasichana, naye "ana", si "wana". "Has", maliza, songa mbele.

Sasa, usikimbie na mbinu hii kabla hujajua inakuangusha wapi.

Mahali pa kwanza ni "pamoja na". Kwetu ni sawa kabisa kusema "Gavana pamoja na walinzi wake wamefika." Ukitafsiri hivyo umekwisha. Kiingereza cha mtihani kinataka "The governor, together with his bodyguards, has arrived." Maneno kama "together with", "along with" na "as well as" hayahesabiwi. Walinzi wamekuja, ndiyo, lakini kisarufi wamebaki nje ya geti. Anayefungua geti ni "and" peke yake: "The governor and his bodyguards have arrived."

Pa pili ni "kuna", na hapa ndipo Wakenya tunamwagika zaidi. Mezani kuna kitabu, mezani kuna vitabu. Kuna haibadiliki, kwa sababu kitenzi chetu kinapatana na mahali, hakijali kilichowekwa hapo. Ndiyo maana tunaandika "there is many people" bila hata kushtuka. Kiingereza hutazama mbele, kwa kile kilichopo: "there are many people". Mtihani ukitaka kukumaliza unageuza sentensi nzima: "On the shelf behind the trophy ___ two old photographs." Usiangalie shelf wala trophy. Picha ndizo zenye sentensi, kwa hivyo "are".

Halafu kuna habari na pesa. Kwetu habari zimefika na pesa zimeisha. Kwao "the news has arrived" na "the money is finished". Police nao, hata wakitajwa bila idadi, ni "are".

Kama wewe ni wa MBA, tahadhari kidogo kabla hujatoa pesa. Vitabu vingi vya zamani vya GMAT vina maswali ya kusahihisha sentensi, yale yenye sehemu iliyopigwa mstari na majibu matano. Sehemu hiyo iliondolewa, na toleo la zamani la mtihani likaisha Januari 2024. Ukikipata kitabu hicho kwa inama, kinunue kwa mazoezi tu. Wa IELTS, hamna swali la hivi, ila katika uandishi sarufi ni robo ya alama, na "there is many people" itaonekana.

Binamu hakulala. Saa sita kasoro akatuma jingine: "Neither the coach nor the players ___ ready."

"Hii Kiswahili inasemaje?" akauliza.

Nikamwambia hapo Kiswahili hakimsaidii, ashike tu kwamba kitenzi kinafuata nomino iliyo karibu nacho. Players wako karibu.

"Are?"

"Are. Lala sasa."

Tiki mbili za bluu, kisha swali lingine.