Mataa ya Noeli ya pikseli: piga hesabu mbele ya kununua alimantasio

Noeli inakaribia. Watu wameanza kutafuta yale mataa ya pikseli, ambayo kila taa inabadilisha rangi yake peke yake. Mimi niko mutu wa agronomia, si wa umeme. Lakini mwaka tulipochanga feza ili kupamba ukumbi mumoja hapa Bukavu, ni mimi walinipa mufuko, na ni mimi nilikosea.

Tulinunua pikseli 200 za volti 5. Ku duka kulikuwa alimantasio mbili: moja ya ampere 10, ingine ya ampere 20. Nikachukua ile ya bei ndogo. Jioni ya kwanza kila kitu kilikuwa muzuri. Kisha mumoja akasema tuweke mataa yote nyeupe ili tupige picha. Haikupita muda, tukasikia harufu ya plastiki. Boksi ilikuwa moto, huwezi kuishika, na singa zilizotoka ndani zilikuwa zimelainika. Ukumbi wenyewe ni wa mbao. Tuliichomoa kwa bahati tu, na hapa kwetu hakuna asiyejua moto unafanya nini mahali nyumba za mbao zimebanana.

Kesho yake nikapeleka boksi kwa mukubwa mumoja anayetengeneza maredio ku avenue yetu. Hata hakuifungua. Akaniuliza tu: "Mudogo, mataa yako yote pamoja yanakunywa ampere ngapi?" Lisansi ninayo, lakini jibu sikuwa nalo.

Jibu lenyewe ni hesabu ya darasa la sita. Ninalieleza kwa njia niliyoelewa mimi, ni kusema kwa maji ya shamba.

Volti ni nguvu ya kusukuma, ampere ni wingi wa maji. Volti za alimantasio lazima zilingane na za taa. Taa ya volti 5 ukiipa 12, inakufa palepale. Lakini ampere haziogopeshi: taa inachukua paka ile inayohitaji. Tanki kubwa haipasui robine ndogo. Hatari iko upande mwingine, tanki ikiwa ndogo na marobine ni mengi. Njo kosa nililofanya.

Hesabu. Pikseli moja ya kawaida iko na rangi tatu ndani: nyekundu, kijani na bluu. Kila rangi inakunywa karibu ampere 0.02. Nyeupe ni rangi zote tatu pamoja, basi ni karibu ampere 0.06 kwa pikseli moja. Zidisha kwa 200, unapata ampere 12. Alimantasio yetu ilikuwa ya 10. Rangi zilipokuwa zinapishana ilivumilia, juu si taa zote zilikuwa zinawaka kwa nguvu. Nyeupe ndiyo iliyoimaliza.

Tena usinunue ampere 12 kamili. Alimantasio isifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Gawanya 12 kwa 0.8, unapata 15. Kwa hiyo ile ya ampere 20, yenye wati 100, ndiyo ilitufaa. Na kama ni ya bei ya chini sana, usiamini sana kinachoandikwa juu yake; ongeza nafasi.

Volti 5 ao volti 12? Hapa agronomia ilinisaidia. Kwenye umwagiliaji wa matone, mupira ukiwa murefu sana, nyanya za mwisho zinakosa maji. Umeme nao unachoka njiani. Chukua singa ya shaba ya milimita 2.5, ile ya ku maprizi, na urefu wa metre 10 kutoka ku alimantasio mupaka ku mataa. Ukipitisha ampere 12, kwenda na kurudi unapoteza karibu volti 1.6. Ukianza na 5, unabaki na 3.4: mataa ya mwisho yatageuka mekundu-mekundu, juu bluu na kijani zinahitaji volti nyingi kuliko nyekundu. Ukianza na 12, unabaki na zaidi ya 10, na taa bado zinafanya kazi.

Lakini volti 12 ina bei yake. Ampere zinabaki 12, ila wati ni 144 pahali pa 60, na sehemu kubwa ya ile tofauti inakwenda bure katika joto. Kwa wanaotumia batri ya sola ao grupu, hiyo si kitu kidogo. Mimi nasema hivi: mataa yakiwa karibu, ku dirisha ao ku barza, volti 5 inatosha. Yakizunguka nyumba nzima, chukua 12. Na usiunge pikseli za volti 12 moja kwa moja ku batri ya sola: ikiwa inajazwa inapita volti 14. Weka katikati kifaa cha kushusha volti.

Kulisha katikati. Kama vile mukulima anavyoleta mupira mwingine katikati ya shamba, leta singa mupya ya umeme kila baada ya pikseli 50 kwa volti 5, ao kila 100 kwa volti 12. Kila singa iwe na fuzi yake, ile inayokatika kwanza ili singa isiungue. Ukitumia alimantasio mbili, unga hasi zote pamoja, lakini chanya zao usiziunganishe kamwe.

Mbele ya kuchomeka, angalia mambo matatu. Alimantasio nyingi za chuma ziko na kitufe kidogo ubavuni cha kuchagua 110 ao 220. Kwetu ni 220. Ukiiacha ku 110, inalipuka siku ya kwanza. Pili, zile skrubu za inje ziko na umeme wa 220: funika, na uunge singa ya ardhi. Tatu, Desemba ni mvua. Weka boksi mahali pakavu, juu ya chini, penye hewa, mbali na mapazia na mbao.

Siku hizi tunaendesha mataa yetu na programu ya bure inayoitwa WLED. Iko na sehemu ya kuandika ampere ambazo mataa yasipite. Tumeiandikia 12, na alimantasio ni ya 20. Mutu akiomba nyeupe ya picha, tunamupa bila hofu. Na tukienda kulala, tunachomoa.

Tofauti ya bei kati ya zile boksi mbili ilikuwa ndogo kuliko feza ya alimantasio tuliyonunua mara ya pili. Basi mbele ya kwenda ku soko, hesabu pikseli zako, zidisha kwa 0.06, gawanya kwa 0.8, na uandike jibu ku karatasi. Muuzaji akikuambia "hii ndogo itatosha", umuonyeshe karatasi.