Ujira wa Mchora Ramani Afanyaye Kazi Nyumbani

Zamani mchora ramani hakuweza kujitenga na ofisi, maana zana zake zote zilikuwa huko: meza pana iliyoinamishwa, rula ya T, kalamu za wino za unene mbalimbali, na wembe wa kukwangulia mstari uliokosewa, na yeyote aliyewahi kukwangua akaitoboa karatasi jioni, ilhali ramani yatakiwa asubuhi, hahitaji kuelezwa kwa nini programu ya AutoCAD, iliyotolewa Marekani mwezi Desemba 1982, ilipokelewa kwa furaha. Walakini si programu peke yake iliyomtoa mchoraji ofisini. Hata mikongo ya baharini ya intaneti ilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, ndipo ilipoanza kuwezekana faili zito la ramani kwenda na kurudi baina ya watu wawili wasiopata kuonana.

Vijana waliohitimu vyuo vya ufundi na wasiopata ajira aghalabu hukimbilia masoko ya mtandaoni kama Upwork na Freelancer, wakajikuta wakishindana kwa bei na wachoraji wa kila bara, wengi wao wakiwa tayari na sifa walizoandikiwa na wateja wa miaka mingi. Siyakatazi masoko hayo. Lakini rai yangu ni kwamba kazi ya kwanza aghalabu i karibu zaidi. Msanifu majengo aliyeelemewa, mpima ardhi, fundi wa madirisha ya alumini, seremala wa makabati ya jikoni: hawa hawamtafuti bingwa wa kompyuta, bali mtu wa kuwatua mzigo usiku huu huu, naye akiutua vizuri watamtafuta tena.

Na kuutua vizuri ni nini? Chukua kazi iliyo ya kawaida kabisa: mwenye nyumba kongwe ataka kuongeza chumba, na msanifu wake anamtumia mchoraji, kwa simu, picha ya karatasi ya daftari yenye vipimo vilivyochukuliwa kwa futikamba. Chumba kimoja kimeandikwa milimita 3,600 kwa 4,200, na mpimaji, kwa hadhari ya mtu mzoefu, amepima na mshazari wake, akaandika 5,480. Mwenye pupa atachora mstatili akaendelea na safari yake. Aliye makini atapiga hesabu, aone kwamba chumba chenye pembe mraba kwa vipimo hivyo sharti mshazari wake ukaribie 5,532, na kwamba tofauti ile ya milimita 52 ama ni kuta zisizokutana sawasawa, jambo lisilo la ajabu katika nyumba za kale, ama ni tarakimu iliyoandikwa vibaya. Basi atauliza kabla ya kuchora. Swali hilo moja lina thamani kuliko vyeti vitatu vilivyopigwa chapa ya dhahabu.

Kadhalika faili lenyewe, maana litafunguliwa na mtu ambaye mchoraji hayupo karibu naye kumfafanulia: kuta ziwe katika tabaka lake, milango katika lake, vipimo katika lake, na ramani zote zilizounganishwa humo zitumwe pamoja nalo. Dhambi iliyo kubwa kupita zote ni kuandika namba kwa mkono juu ya kipimo ambacho programu imekipima yenyewe, ili hesabu ionekane kutimia. Fundi atajenga kwa namba, nao mchoro utakuwa umesema jingine.

AutoCAD hukodiwa kwa mwezi au kwa mwaka, na gharama yake si ndogo kwa anayeanza. Leseni ya mwanafunzi itolewayo bure ni ya masomo, si ya kutafutia riziki. Programu ya LibreCAD haina malipo, nayo yatosha kwa michoro mingi ya bapa, ingawa ni vema kumwuliza mteja mapema ataka faili la namna gani.

Ipo mipaka pia. Kuchora si kusanifu mbele ya sheria: Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na Kenya nayo ina bodi yake, hivyo mchoraji asiyesajiliwa na afanye kazi chini ya dhamana ya aliyesajiliwa, wala asikubali kuazima muhuri wa mtu, hata akibembelezwa namna gani.

Kuhusu malipo, nusu ya ujira iombwe kabla ya kuanza, na mteja mgeni aonyeshwe kwanza nakala ya PDF, faili lenyewe lifuate fedha. Mteja wa London akiingia kazini saa tatu asubuhi majira ya baridi, Dar es Salaam ni saa sita mchana, kwa hiyo asubuhi yote ni ya kuchora bila kusumbuliwa, umeme ukiwapo. Na kwa kuwa wateja wote, wa karibu na wa mbali, hupenda kuhamisha dirisha baada ya ramani kukamilika, yaandikwe mapema ni marekebisho mangapi yaliyomo katika bei, na kila moja litakalozidi hapo litalipiwa kiasi gani.