Mafundi wa Wakaliga wageuza vyuma chakavu kuwa silaha za filamu
Ujuzi wa mhunzi una soko kote Afrika Mashariki, lakini bunduki ya bandia ni mzigo mzito mpakani

KAMPALA, Uganda – Katika mtaa wa Wakaliga kuna helikopta ambayo haijawahi kuruka wala haitaruka. Haina injini. Ni fremu ya vyuma iliyokatwa na kuungwa kwa mkono, na kazi yake ni moja tu: kuonekana kwenye filamu kama ile ya jeshi.

Aliyeiunda ni Dauda Bisaso, fundi wa Ramon Film Productions, kampuni ambayo wapenzi wa filamu duniani wanaifahamu zaidi kwa jina la Wakaliwood. Kutoka mikononi mwake zimetoka pia bunduki za kila aina, ikiwamo ile nzito ya mitutu mingi wanayobeba makomando wa filamu za Marekani. Zote zimetokana na vyuma chakavu.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 2005 na Isaac Nabwana, ambaye kabla ya hapo alikuwa mfyatua matofali. Ramon ni jina lililounganishwa kutoka majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Nabwana alikua akisimuliwa na kaka zake filamu walizokwenda kuona, na kutokana na masimulizi hayo akajijengea picha yake mwenyewe ya filamu ya mapigano. Filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, inatajwa kugharimu kiasi kisichozidi dola 200 za Marekani.

Kwa bajeti ya namna hiyo, kununua au kukodi vifaa kutoka ng'ambo halikuwa jambo la kufikiria. Ilibidi kila kitu kiundwe nyumbani. Hapo ndipo sanaa ilipokutana na kazi ambayo wafanyabiashara wa mipakani wanaijua vizuri: uhunzi.

Kutoka picha hadi chuma

Kuunda mfano wa silaha ya filamu kwa mkono kunaanza na macho. Fundi asiye na mchoro wa kiwandani husimamisha picha na kutafuta kitu anachokijua ukubwa wake, kwa kawaida mkono wa mwigizaji aliyeishika silaha. Ikiwa kiganja kinaingia mara 5 kutoka kitako hadi mdomo wa mtutu, basi urefu umepatikana bila futi kamba.

Baada ya hapo hukata umbo kwenye boksi la karatasi ngumu. Kosa kwenye boksi halina gharama, lakini likihamia kwenye bati limekula mtaji. Boksi likikubali, ndipo fundi anapolichorea juu ya bati kwa msumari na kuanza kukata kwa tindo na nyundo.

Sehemu za mviringo hazifuliwi kutoka mwanzo. Kipande cha bomba la maji kinakuwa mtutu, springi ya gari inakuwa ya kifyatulio, na vyuma vya baiskeli vinajaza mahali panapohitaji kitu kinachozunguka. Pale panapohitaji kupindwa, chuma huwekwa kwenye mkaa unaopulizwa mpaka kiwe chekundu kama kaa lenyewe, kisha hugongwa juu ya kipande cha reli kinachotumika kama fuawe. Kikipoa kabla umbo halijakamilika, hurudishwa motoni. Anayelazimisha kukigonga kikiwa baridi hukipasua.

Kuunganisha nako kuna hesabu yake. Chuma kinene huchomelewa, lakini bati jembamba likichomelewa hutoboka, hivyo mafundi wengi hulitoboa na kulibana kwa riveti. Mwisho huja tupa, msasa na rangi nyeusi isiyong'aa, kwa sababu rangi ya kung'aa hurudisha mwanga kwenye kamera na kuufichua uongo mara moja.

Jambo ambalo mtazamaji hafikirii ni uzito. Mwigizaji atakimbia na kifaa hicho tangu asubuhi mpaka jua linapozama, ataanguka nacho na kuamka nacho. Kikiwa kizito mno kitamchosha. Kikiwa chepesi mno, kitayumba mkononi na kila mtu ataona kuwa ni bati tupu. Kwa hiyo fundi huacha tumbo wazi na kuweka chuma kizito sehemu za mbele.

Nyumba ya wahunzi

Kampala si mji mgeni kwa kazi hii. Katwe ni jina linalojulikana Uganda nzima kwa mafundi wa vyuma, na katika hadithi za Waganda yumo Walukaga, mhunzi wa mfalme aliyeamriwa kufua mtu wa chuma anayetembea na kusema. Walukaga alijiokoa kwa kumwomba mfalme vifaa visivyopatikana: mkaa wa nywele na mitungi ya machozi. Mafundi wa leo hawaombi machozi. Wanaomba umeme usikatike na bei ya chuma chakavu isipande.

Ujuzi huo huo umetapakaa kanda nzima. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji jijini Nairobi na wale wa Gerezani jijini Dar es Salaam hufua masanduku, majiko na masufuria kwa nyundo na fuawe zilezile. Anayeweza kufua jiko linaloziba vizuri anaweza kufua kofia ya askari wa filamu.

Mali ghafi ndiyo roho ya kazi, na haina uhakika. Januari 2022 Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya minara ya umeme kuharibiwa, na marufuku hiyo ikaondolewa miezi michache baadaye chini ya masharti mapya. Fundi anayetegemea chakavu anahitaji kujua kilikotoka, kwani kipande cha mnara wa umeme kinaweza kumpeleka mahakamani hata kama yeye alikinunua kwa nia njema.

Kazi ya kuigiza nayo ina hatari za kweli. Siku za mwanzo Wakaliwood walitumia damu ya ng'ombe kwa matukio ya kupigwa risasi. Mmoja wa waigizaji alipougua ugonjwa unaotoka kwa mifugo, waliiacha na kuhamia kwenye rangi ya chakula.

Swali la mpakani

Kwa mfanyabiashara anayevuka Busia, Malaba, Mutukula au Namanga, kazi za mafundi hawa zinaweza kuonekana kama bidhaa nyingine yoyote ya mikono. Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, zisizozidi thamani ya dola 2,000, kwa cheti rahisi cha uasilia, mradi ziwe kwenye orodha iliyokubaliwa.

Ngao, kofia, vinyago na mapambo ya jukwaani havina tatizo kubwa. Bunduki ni habari nyingine. Silaha na risasi ni miongoni mwa bidhaa zenye masharti katika sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, na mapanga ya vita na mikuki yamewekwa katika sura moja na bunduki kwenye orodha ya ushuru. Kwa upande wa bandia, sheria ya silaha ya Kenya inakitambua kitu chenye sura ya bunduki hata kama hakiwezi kufyatua risasi, na anayekitumia kutenda kosa anaadhibiwa.

Zaidi ya sheria kuna askari wa zamu. Saa 8 usiku, kwenye kizuizi, hana muda wa kuchungulia kama mtutu umetobolewa au umezibwa. Kadiri fundi alivyofanya kazi nzuri, ndivyo mbebaji anavyokuwa hatarini zaidi.

Ndiyo maana busara ya biashara hii ni kutangaza mzigo kabla haujafunguliwa. Barua ya kampuni ya filamu, picha za kifaa kikiundwa, na kibali cha polisi wa nchi unakopeleka vina thamani kuliko maelezo ya mdomo. Kifaa kinachokwenda kupigiwa picha na kurudi kinaweza kuombewa utaratibu wa uingizaji wa muda. Na njia salama kuliko zote ni kutouvusha mzigo kabisa: fundi avuke na nyundo yake, chakavu kinunuliwe hukohuko, na kazi ifanyike upande wa pili.

Wakaliwood wenyewe walijifunza mapema kwamba soko halingoji. Waigizaji waliuza DVD kwa mkono, nyumba kwa nyumba, wakikimbizana na wanakili haramu ambao ndani ya siku chache wangejaza mitaa. Kutoka huko filamu zao zilifika tamasha la Toronto mwaka 2019, na mwaka 2022 walishiriki maonyesho ya sanaa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani. Bati na mabomba waliyotumia yanapatikana katika kila mji wa mpakani.