Prosesa ya Kasi Kando ya Tanganyika

Kuzidisha kasi ya prosesa, yaani kuifanya ifanye hesabu kwa mwendo unaopita ule uliowekwa na kiwanda, ni jambo ambalo huko Makobola na Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, huamuliwa na joto kabla ya fedha. Prosesa za Intel ambazo jina lao huishia na herufi K, pamoja na nyingi za AMD Ryzen, huruhusu kazi hiyo, lakini nyingine nyingi zimefungwa. Kwa kuwa umeme unaoliwa hukua kwa mraba wa volti, kasi ikiongezwa kwa asilimia 10 na volti ikapandishwa kutoka 1.2 hadi 1.3, joto huzidi kwa takribani asilimia 29, nayo ni gharama kubwa kwa faida ndogo. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba, na hata mfumo wa maji, ambao huhamishia joto kwenye rejeta, haukwepi kanuni hiyo. Kwa hiyo Core i9-14900K, iwezayo kufikia wati 253, ni mzigo kwa anayetegemea jenereta, ilhali Ryzen 5 5600X, iliyokadiriwa wati 65, hutosheka na kipoza-hewa kikubwa, mradi vumbi lifutwe mara kwa mara.