Samaki Simba, Matumbawe na Kitoweo cha Ijumaa

Nchini Kolombia, Kanisa lilikubali ombi lisilo la kawaida: mapadre wawahimize waamini katika mahubiri kula samaki simba siku za Ijumaa, wakati wa Kwaresima na Pasaka. Mwaliko huo ulilenga kuinusuru miamba ya matumbawe ya Bahari ya Karibi, ambayo samaki huyo anaiharibu. Tukielewa jinsi alivyofika huko, tutaona pia wajibu wetu sisi tuishio mbali na bahari.

Samaki simba ana mistari myekundu na myeupe, mapezi yaliyotanda kama manyoya ya shingo ya simba dume, na miiba 18 yenye sumu. Asili yake ni Bahari ya Hindi na Bahari ya Pasifiki. Aina yake mojawapo ni mwenyeji wa pwani yetu ya Tanzania. Huku kwetu ana nafasi yake miongoni mwa viumbe wengine, wala hakuna sababu ya kumwinda ili kumwangamiza.

Madhara yalianza binadamu alipomhamisha. Kwa uzuri wake alinunuliwa kuwa pambo la matangi ya vioo majumbani, na wataalamu wanaamini kuwa baadhi ya waliomfuga walimwachilia baharini. Mwaka 1985 alionekana katika maji ya Florida, Marekani. Baadaye akaenea Karibi yote hadi Brazili. Jike hutaga mayai yapatayo milioni 2 kwa mwaka. Samaki wadogo wa huko hawamtambui kuwa ni adui, na wakubwa hawakuzoea kumla. Utafiti uliofanyika Bahamas ulionyesha kuwa, kwa majuma 5 tu, ongezeko la samaki wachanga lilipungua kwa asilimia 79 kwenye miamba aliyokuwapo. Samaki wanaokula mwani wakipungua, mwani huyafunika matumbawe na kuyadhoofisha.

Nyavu hazimfai samaki huyu, kwa kuwa hukaa katika mapango ya miamba, na ni nadra kunaswa kwa ndoana. Hivyo wazamiaji, wengi wao watu wanaozamia kwa burudani tu, huteremka na mikuki mifupi, humchoma mmoja mmoja na kumtia katika chombo kigumu ili miiba isiwadhuru. Katika mashindano ya Destin, Florida, mwaka 2019, waliwatoa zaidi ya samaki 14,000 kwa siku mbili. Sumu imo katika miiba pekee, na joto la kupikia huiondolea nguvu. Nyama yake ni nyeupe na yafaa kuliwa.

Hata hivyo, kazi hiyo ina mipaka. Kwa kawaida mzamiaji wa burudani hashuki chini ya mita 40, ilhali samaki simba ameonekana hadi mita 300. Mwamba uliosafishwa leo hujaa tena baadaye, na kwa hiyo uwindaji huo hufaa pale tu unaporudiwa kwa uvumilivu, mwaka baada ya mwaka.

Nchi yetu nayo ina mifano. Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 ili kuongeza mavuno. Ameleta ajira na biashara kubwa, lakini aina nyingi za furu zimetoweka. Katika kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambacho matumbawe yake yamehifadhiwa tangu miaka ya 1990, walinzi huzamia ili kumwondoa kiti cha pweza aitwaye taji la miiba, ambaye hula matumbawe yenyewe. Huyo ni mwenyeji wa bahari yetu. Hatari huja idadi yake inapozidi kiasi.

Mwamini wa Zuzu aweza kuuliza: hayo yanihusu nini mimi niliye katika nyanda kavu za Dodoma? Yanamhusu kwa njia ya sahani yake. Samaki wa pwani hufika pia katika masoko ya bara, na baruti imetumika kwa miaka mingi kuvua katika bahari yetu. Samaki aliyeuawa kwa baruti mara nyingi huwa na mifupa iliyovunjika na damu iliyovilia ndani. Mlipuko uliomuua hubomoa pia mwamba uliochukua miaka mingi kukua. Wanunuzi wakimkataa, aliyemvua hukosa soko.

Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, Hayati Papa Fransisko aliyataja matumbawe miongoni mwa viumbe vinavyoangamia, akatukumbusha kuwa dunia ni nyumba yetu sote. Wengi wa waamini wa Kolombia hawakuhitaji kuzamia baharini. Walialikwa kuchagua kitoweo kwa busara. Nasi tunapofunga na kujinyima, tuulize pia samaki tunayemnunua amevuliwaje, na kwa gharama ya nani.