Chuma Huliwa Pasipo na Kutu

Msomaji wetu wa Tanga ameandika kuhusu Land Rover yake ya mwaka 1975, aliyoinunua mnadani na ambayo sasa anaifufua mwenyewe uani, jioni akitoka kazini na siku za Jumapili. Injini imewaka, breki zinashika. Kinachomshinda ni bati. Sakafu ya upande wa dereva, pamoja na bati la mbele linalotenganisha injini na miguu yake, aliyapiga brashi ya waya na msasa mpaka yakang'aa, akajaza puti, akapaka rangi. Masika hayajaisha vizuri, rangi ikaanza kufura malengelenge palepale alipotengeneza, na mengine pembeni ambako hakukuwa na kitu. Fundi wa jirani amemwambia kuwa kutu huambukiza, na kwamba dawa ni kumpelekea yeye hilo gari. "Dada, ni kweli huambukiza, au ananitafutia bili?"

Kwamba kutu ni chuma kilichokutana na maji na oksijeni, mwalimu wa kemia alishatuimbisha, na sitalirudia. Injini nayo naiacha. Ya miaka ile ina kabureta, platini na plagi nne, na mtu mwenye spana na subira huimudu. Ninachotaka kukaa nacho ni jambo tulilorukishwa darasani: mahali kutu inapoonekana sipo mahali chuma kinapoliwa.

Aliyelionyesha hilo kwa namna nyepesi kuliko wote ni Ulick Richardson Evans, mkemia wa Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1920. Kifaa chake kilikuwa tone la maji ya chumvi, na jaribio lake unaweza kulirudia barazani. Omba kipande cha chuma kwa fundi wa mageti, kisiwe cha bati la kuezekea kwa sababu hilo limepakwa zinki. Kisugue kwa msasa mpaka kiwe cheupe, kisha dondosha tone la maji ya chumvi lenye upana wa sarafu. Likae saa chache bila kuguswa. Utaona pete ya rangi ya chungwa imejichora ndani ya tone, haikukaa ukingoni wala haikukaa katikati. Lifute tone. Ukingoni chuma bado kinang'aa, chini ya pete vilevile hakijadhurika sana. Palipochimbika ni katikati, ambako hakukuwa na kutu hata chembe.

Ukiwa na rafiki anayefundisha sekondari, mwombe matone mawili ya dawa za maabara uyatie kwenye maji hayo kabla ya kuyadondosha: fenolfthalini, ile inayogeuka pinki penye alkali, na potasiamu ferisianidi, inayogeuka buluu chuma kinapoyeyuka. Tone litajigawa lenyewe mbele ya macho yako, moyo wa buluu na ukingo wa pinki. Nimewaonyesha watu wazima jambo hili wakasahau chai yao.

Kwa nini hutokea hivyo? Chukua duka la mtaani la mtindo wa zamani wa pwani, lenye kaunta barazani, stoo nyuma kabisa, na ujia mrefu katikati. Wateja ni oksijeni. Hutoka hewani, na hujaa pale wanapofika kwa urahisi, yaani ukingoni mwa tone ambako maji ni membamba. Katikati maji yana kina, oksijeni iliyokuwamo huisha upesi na nyingine hairudi haraka. Kwa hiyo stoo haina wateja. Nao wateja wa kaunta wanataka bidhaa moja tu, elektroni. Hawajali zimetoka wapi. Kijana wa duka anakimbia stoo, anazibeba kupitia ujiani, anawakabidhi. Ujia huo ni chuma chenyewe, kwa sababu elektroni haziogelei. Hupita ndani ya metali kama kawaida yake.

Sasa angalia kinachotokea stoo. Kila elektroni mbili zikibebwa, atomu moja ya chuma inabaki haina cha kuishikilia pale, nayo inatoka kwa mlango wa nyuma na kuingia majini. Huko mbele, mteja aliyepokea elektroni zake anaungana na maji na kugeuka haidroksidi, naye anaondoka kupitia majini. Wawili hawa wanakutana uchochoroni, kati ya mlango wa nyuma na baraza, na wakiongezewa oksijeni kidogo wanaanguka chini kuwa lundo jekundu. Hilo lundo ndilo kutu. Mwenye duka akipita asubuhi anaona taka uchochoroni, anachukua ufagio, anafagia mpaka panapendeza, anajisifu. Stoo hajaifungua. Kesho lundo limerudi, naye anafagia tena, na siku atakayofungua stoo atakuta hata kuta zimeuzwa.

Mtu atauliza kwa nini kijana asiuze zilizo kaunta akaacha safari za stoo. Rafu za mbele zina kufuli. Haidroksidi inayozalishwa pale hufanya maji ya ukingoni kuwa alkali, na katika alkali chuma hujivika utando mwembamba sana unaokizuia kuyeyuka. Kaunta hujilinda kwa biashara yake yenyewe, na gharama yote huangukia stoo. Tena kama kaunta ni kubwa na stoo ni ndogo, mahitaji ya wateja mia yanachotwa kwenye chumba kimoja. Ndiyo maana gari lenye bati zima huweza kutoboka tundu moja refu, jembamba, lisilo na kutu nyingi ya kumtahadharisha mtu.

Chumvi ndiyo inayolikuza duka. Maji ya mvua hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo kaunta na stoo lazima zikaribiane sana. Maji ya chumvi huuruhusu mkondo kwenda mbali, hivyo bati linaweza kuliwa sentimita kadhaa kutoka mahali linapopumua. Kloraidi nayo huvunja zile kufuli za mbele. Zaidi ya hayo, chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji hewani unyevu unapozidi takriban asilimia 75, na asubuhi za Tanga, Mombasa au Unguja unyevu kuvuka hapo si habari. Gari lililolala bandani, halijanyeshewa hata tone, linaamka limelowa ndani ya mifupa yake.

Hapa nina ugomvi mdogo na Kiswahili chetu. Neno "kutu" tumelibebesha mambo mawili, lile lundo na ule ulaji. Wanasayansi wa Kiswahili wanatumia "ulikaji" kwa ulaji wenyewe, nami nalipenda, kwa sababu baada ya jaribio la Evans hatuwezi tena kuviita vitu viwili vilivyo sehemu mbili kwa jina moja. Lakini kwa ulikaji huu maalumu, unaozaliwa na sehemu moja kupata hewa na nyingine kunyimwa, sijakuta jina. Nimependekeza "ulikaji-fiche". Mhariri anataka "ulikaji wa tofauti ya hewa", ambalo ni sahihi na halitamkiki mtu akiwa amelala chali chini ya gari. Nitatumia langu.

Ukishaujua ulikaji-fiche, Land Rover yote inasomeka upya. Stoo ziko kila mahali hewa isipofika: chini ya mikeka ya sakafuni iliyolowa, nyuma ya matope yaliyogandamana kwenye mikono ya chasisi, ndani ya boriti ya nyuma ambayo tundu zake za kumwagia maji zimezibwa na mchanga, na katikati ya mabati mawili yaliyochomelewa pamoja kwa nukta nukta. Hapo penye mabati mawili lundo linaota bila nafasi ya kukaa. Kutu huchukua ujazo unaoanzia mara mbili ya chuma kilicholiwa, na ikijaa maji huzidi hapo sana, kwa hiyo inayatanua mabati mpaka nukta za kuchomelea zinang'oka.

Na puti je? Puti ya kawaida hunyonya unyevu. Ukiijaza juu ya bati ambalo vishimo vyake bado vina chumvi, na brashi ya waya haifiki kwenye sakafu ya vishimo hivyo, umejenga stoo, ukaipiga plasta na kuipaka rangi. Ukingoni, pale rangi inapokutana na bati zima na hewa kidogo inapenya, kaunta inafunguliwa. Alkali inayozaliwa kwenye kaunta hiyo hula gundi ya rangi na kuibandua. Rangi ikibanduka hatua moja, maji yanasogea hatua moja, nayo kaunta inasogea. Hivyo ndivyo lengelenge linavyotembea kwenda kwenye bati ambalo halikuwa na kosa. Fundi wa jirani ameona sawa ila ametaja sababu siyo. Kutu haiambukizi, kinachosafiri ni mpaka kati ya penye hewa na pasipo na hewa.

Kuna imani kwamba Land Rover haishiki kutu. Ilitokana na historia. Gari hilo lilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma cha pua kwa mgao baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu. Lakini chasisi ni chuma, na lile bati la mbele la msomaji wetu ni chuma. Aluminiamu huachia elektroni kwa urahisi kuliko chuma, kwa hiyo vikishikana kwenye unyevu wa chumvi, inayoliwa ni aluminiamu; ule unga mweupe kuzunguka bolti na chini ya milango ndio ushahidi. Weka raba au mastiki kati yake ukifunga upya.

Tabia hiyohiyo ikitumiwa kwa makusudi ni ulinzi. Praima ya zinki ni kumweka jirani anayeuza kwa bei ya kutupa: wateja wote wanahamia kwake, na chuma kinapona mpaka zinki iishe. Mkemia Humphry Davy alijaribu wazo hilo mwaka 1824 kwenye shaba nyekundu iliyofunika matumbo ya meli za kivita za Uingereza. Shaba iliacha kuliwa kabisa. Bahati mbaya, shaba iliyokuwa ikiyeyuka ndiyo iliyokuwa ikiwafukuza viumbe wa baharini, nao wakajishikiza kwa wingi mpaka meli zikawa nzito.

Kwa vipande vidogo vinavyofunguka, yaani mabano, bawaba na pedali, kuna njia ninayoipenda kuliko brashi. Jaza ndoo ya plastiki maji, tia magadi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 hivi. Ndiyo, magadi yaleyale ya maharage na kisamvu; sehemu kubwa yake ni kaboneti na baikaboneti ya sodiamu, na ghala lake kubwa ni Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya. Ning'iniza kipande chenye kutu majini bila kugusa kitu, kifunge kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12. Waya chanya ufunge kwenye chuma chakavu. Washa. Sasa umeagiza elektroni kwa jumla na unazishusha dukani bila kikomo. Hakuna atomu yenye sababu ya kutoka. Viputo vinapanda juu ya kipande, kutu nyekundu inageuka nyeusi na kulegea, na kesho yake inatoka kwa brashi ya kuoshea vyombo, hata ile ya ndani ya vishimo ambako waya haukufika. Chuma kilicholiwa hakirudi. Fanyia nje, maana viputo ni haidrojeni. Aluminiamu isiingie humo, na chuma chakavu kisiwe kile kisichoshika kutu cha masufuria ya kung'aa, kwa kuwa kinatoa sumu. Chemsha maji, suuza, kausha, paka praima siku hiyohiyo.

Sakafu na chasisi haziingii kwenye ndoo, kwa hiyo nakujibu hivi, ndugu yangu wa Tanga. Ng'oa puti yote. Toa mikeka, zibua tundu zote za chasisi kwa waya, chokonoa matope mpaka uone bati. Pitisha kichwa cha bisibisi ukigonga taratibu: bati zima hulia, lililoliwa hubweteka au hutoboka. Lililotoboka likate mpaka ufike kwenye chuma kizima, uchomelee bati jipya la unene uleule. Hapo hakuna dawa ya kupaka. Usikubali kumiminiwa oili chafu ndani ya chasisi juu ya matope, maana itayafunika tu. Osha kwa maji mengi, rudia, acha likauke juani kutwa nzima, kisha praima ya zinki. Na maji yenyewe yawe ya mvua au ya bomba. Kisima cha uani Tanga mara nyingi kina chumvi.